Nilivyomwoza Binti wa Kaka kwa Sahani ya Maharage

Wasomaji wangu, mara iliyopita mliniacha stesheni ya Kapiri Mposhi, nimekalia gunia langu la maharage, treni inageuza kurudi nyumbani na viatu vyangu vya kanisani vimo ndani. Viazi nilivyotoka navyo nyumbani vilikuwa vimeshashuka zamani, kule Mpika, kichwani kwa mama mmoja aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba ni vyake.

Kwa anayenikuta njiani leo: mimi ni Esteria, mjane wa Mahongole, hapo Makambako. Shule niliishia darasa la nne la zamani, kanisani naongoza maombi ya akina mama, na hadi mwaka ule wa tisini na tatu mpaka pekee niliokuwa nimeuvuka ni ule wa shamba langu na la jirani.

Safari ilikuwa na shughuli moja tu. Kaka yangu Rabson alikwenda Zambia na reli, akaoa huko, akabaki huko. Binti yake Jeni alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Ilembula, kule kwetu. Nafasi ile niliihangaikia mimi, mwaka mzima, kwa mchungaji, kwa matroni, kwa magoti. Barua ilisema aripoti Jumatatu, na asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine. Treni ya kuturudisha ilikuwa ya Ijumaa. Nilikwenda Lusaka kumchukua mtoto na kumleta. Basi.

Leo naungama ya Jumatano.

Lakini kwanza mjue nilivyofika. Niliingia Lusaka Jumamosi kwa basi, miguuni ndala za kuazima. Oktoba kwetu mtu bado anajifunika blanketi mbili. Oktoba ya Lusaka ni tanuri la matofali. Nilishuka na sweta langu la sufu, na watu wa mtaa wa Matero wakanitazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Siku zile nne nilijifunza mengi, na kila somo lilinigharimu aibu kidogo.

Wanapomsalimu mtu mzima wanapiga goti na kupiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa kama vinashika maji. Nilidhani wananishangilia. Nikawa naitikia kwa kupunga mkono, kama mgeni rasmi. Ilikuwa Jumapili jioni ndipo Rabson aliponiambia kwa Kibena chetu kwamba nimeshawapungia wazee saba.

Ugali wanauita nshima. Hauji mlima mmoja wa kumegwa na wote. Wanauchota kwa upawa, matonge laini kama mayai ya bata, kila mtu na lake. Mimi niliyaona nikadhani ni ya watoto, nikakaa nasubiri ya wakubwa, hadi wenzangu wakanawa mikono.

Mitumba wanaiita salaula. Miaka ile ya ruksa ilikuwa imetandazwa kila penye kivuli, ungedhani Ulaya nzima wamebaki na nguo za ndani.

Mke wa Rabson, wifi yangu, ni Mbemba wa Mpika. Kiswahili chake ni cha stesheni, lakini kinatosha. Alinipokea vizuri. Jumatatu ikaja habari ya msiba kwa ndugu zake wa Kabwe, akafunga blanketi na sufuria, akaenda. Hilo halikunishangaza, msiba ni msiba. Aliniambia atarudi Ijumaa asubuhi kumuaga Jeni.

Ikaja Jumatano. Rabson alikwenda kwenye karakana yake ya vitanda. Jeni akasema anakwenda sokoni kutafuta shuka za shule. Aliniaga kwa adabu nyingi, akanipigia na goti, jambo ambalo tangu nifike hakuwa amelifanya. Niliona. Mimi huwa naona. Nikajisemea mtoto anakua.

Saa tatu hivi mlango ukabishwa.

Alikuwa mzee mmoja, koti jeusi limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile, kofia mkononi. Nikamvutia kiti. Akakikataa, akakaa sakafuni karibu na mlango. Na mimi sikuona vizuri kukaa juu ya mzee, nikashuka chini.

Akasema maneno mengi. Kibemba ni kama Kibena kilichopanda treni: neno mojamoja unalitambua dirishani, ukitaka kulishika limeshapita. Nilichoweza ni kuitikia. Ndiyo, baba. Asante, baba. Mungu ni mwema.

Kisha akaweka kati yetu sahani mbili nyeupe, moja imefunika nyingine. Akawa ananitazama.

Sahani iko chini. Yeye kimya, mimi kimya. Jasho linamtoka.

Sasa jamani, kwetu nyumba ikiwa na msiba, mtu akaja na sahani iliyofunikwa, hiyo ni nini kama si rambirambi? Na sikulelewa kuacha kitu cha mtu sakafuni. Nikainyanyua kwa mikono miwili.

Mabega ya yule mzee yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Nikafunua. Ndani mlikuwa na shanga nyeupe na sarafu chache. Moyo ukaniyeyuka. Nikasema watu hawa hawana kitu, lakini wametoa. Nikafumba macho nikaomba. Nikamwombea marehemu wa Kabwe. Nikaiombea nyumba ya mzee yule na vizazi vyake. Nikaomba nyumba zetu mbili zifungwe pamoja kwa upendo usiokatika. Sijui alielewa nini, lakini "amina" yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Ikabaki sahani yenyewe. Marehemu mama yangu alitufundisha kwamba sahani ya jirani ikirudi tupu, ujirani nao umerudi tupu. Nikachukua ile ya kufunikia, nikaingia chumba cha ndani, nikaijaza maharage yangu ya Mahongole hadi yakamwagika pembeni. Nikatoka, nikapiga goti kama nilivyowaona wao wanafanya, nikampa.

Mzee aliyatazama maharage kwa muda. Machozi yakamlenga. Akapiga makofi matatu ya polepole. Nilipotaka kumpa na ile sahani ya shanga, akanirudishia, akaisukuma kabisa kifuani kwangu, akatoka kwa hatua zisizoendana na umri wake.

Haukupita muda nikasikia vigelegele nyumba ya tatu. Virefu, vya wanawake wengi.

Nikajisemea, watu hawa wana shukrani. Maharage tu.

Saa saba Rabson alikuja kula. Alisimama mlangoni, uso hauna rangi. Alisema wanawake wawili wamempigia goti njiani na kumwita jina ambalo hajawahi kuitwa.

"Dada," akasema, "nani alikuja hapa?"

Nikamsimulia, tena kwa kujisifu kidogo. Akakaa kitandani polepole.

"Sahani aliiweka wapi?"

"Sakafuni."

"Ukaiokota?"

"Kumbe ningeiacha?"

"Ndiyo, dada. Ungeiacha."

Ndipo akanieleza. Yule mzee ni mshenga, wao humwita shibukombe. Sahani mbili zile ni posa. Anayeiweka chini hasemi zaidi, anasubiri. Wenye binti wasipotaka, wanaiacha pale pale, na yeye anaibeba anakwenda zake, hakuna aliyetukanwa. Wakiinyanyua, wamekubali.

"Wengine huinyanyua tu," akasema Rabson. "Wewe umeinyanyua, umeiombea, umeirudisha imejaa. Hapa Matero sijasikia binti aliyekubaliwa namna hiyo."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamkatika akashika kichwa.

Mwoaji alikuwa Chanda, kijana wa salaula, wa nyumba ya tatu. Nikamwuliza kama ni mbaya. Akasema si mbaya, ana heshima, hanywi.

"Lakini kijana atakayemchumbia mtu leo, kesho kutwa amwache aende Ilembula miaka mitatu, umemwona wapi? Mwezi haupiti watataka harusi. Nafasi ya Jeni imekwenda, dada."

Nimesafiri siku mbili kumchukua mtoto apate kazi ya mikono yake, nikamgawa kwa mikono yangu mwenyewe kabla ya chakula cha mchana.

Nikauliza kama posa inarudishwa. Akasema inarudishwa na aliyeipokea, si mwingine. Tena mimi ni shangazi wa kwa baba, neno langu zito. Yeye akienda itakuwa tusi.

"Kuna muda?"

"Sheria zao zote sizijui, na mimi mkuja hapa. Lakini ninavyowaona, wakishakula chakula kilichotoka kwa kina binti, mambo yameshakuwa ya undugu." Akanitazama kwa huruma. "Umewapa maharage. Wanangoja yaive."

Sikuwahi kumshukuru Mungu kwa maharage magumu. Siku ile nilimshukuru. Yalikuwa ya msimu wa nyuma, makavu kama kokoto, na maharage ya namna ile yanakaa motoni saa nne bila haya. Kama hawakuyaloweka, nilikuwa na nusu saa.

Nikafunga kitenge, nikachukua sahani yenye shanga zake na sarafu zake, nikatoka nusu mbio kwenye jua. Kila hatua nilimwomba Mungu auzime mkaa wao.

Hakuuzima. Sufuria ilikuwa katikati ya uwanja juu ya jiko, mfuniko unacheza.

Walikuwepo watu kama wanane. Yule mzee mshenga, koti sasa amelivua. Bibi mmoja kikongwe juu ya mkeka, mdogo kama kifaranga, lakini ukimwona unajua mji ni wake. Na kijana mrefu aliyesimama haraka akanipa shikamoo kwa Kiswahili safi. Ndiye Chanda. Bidhaa anafuata Tunduma, Kiswahili kakipata huko huko.

Nikapiga goti. Nikaiweka sahani chini mbele ya bibi. Nikaisukuma kidogo.

Ikabaki sufuria tu inaongea.

Bibi hakuigusa. Akasema neno, Chanda akalitafsiri huku anatazama vidole vyake vya miguu. "Bibi anauliza, mjukuu wake ana kasoro gani?"

"Mwambie hana. Kasoro ni yangu. Mila zenu sikuzijua, nilidhani ni rambirambi. Mwambie Jeni anakwenda kusomea uuguzi, treni ni Ijumaa, na mimi ndiye niliyetumwa kumchukua. Mwambie naomba radhi kwake na kwa mzee aliyetembea juani."

Chanda akamgeukia bibi, akasema maneno mawili.

"Kijana," nikamwambia, "ya kwangu yalikuwa marefu kuliko hayo."

"Mama, hayo mengine wanayajua."

"Wameyajua kwa nani?"

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Jeni, upawa mkononi, masizi shavuni, amejifunga kitenge changu mimi cha akiba. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria, akachota punje, akaibonyeza kwa kidole.

"Shangazi," akasema, "maharage yameiva."

Nimezika mume, nimezika ng'ombe wawili mwaka mmoja, sijawahi kuishiwa maneno namna ile. Yakanijia ya kipuuzi.

"Kumbe soko ndiyo huku?"

Akaja akapiga goti mbele yangu. Goti la asubuhi lile lile. "Nisamehe, shangazi. Mimi ndiye niliyewaambia wamlete mzee leo."

"Ukijua niko peke yangu."

"Nikijua. Baba alitusimulia tangu wadogo, kwamba kwenu Mahongole sahani ya mtu hairudi tupu. Mama angeiacha sakafuni. Baba angemwogopa mama. Shangazi nilijua utaipokea." Akainamisha kichwa. "Ya kuijaza sikuwaza. Hapo ulinizidi."

Mmoja wa wanawake akacheka. Bibi akamtazama, akaacha.

Hasira ilikuwa imenifika hapa. Nikamwambia amenifanya chambo, mimi mtu mzima, mgeni, mbele ya watu nisiowajua. Nikamwambia kama alitaka kuolewa angesema, nisingevuka Tunduma na gunia. Nafasi ile kuna mabinti Mahongole wangeilia machozi ya damu.

"Shule naitaka," akasema. "Naitaka kuliko unavyonitakia. Ndiyo maana."

Akanieleza taratibu, na mimi nikawa namtazama usoni, maana mwongo huwa namjua kwa kope. Msiba wa Kabwe ni wa kweli. Lakini mama yake kule hakufuata msiba tu. Amekwenda kumchukua kaka yake, mjomba wa Jeni, mwenye duka kubwa. Mjomba ana kijana, na kwa kina mama yake mtu kumwoa binti wa shangazi yake ni heshima, ni mji kujifunga wenyewe. Kwetu katika nyumba ya baba yetu mtoto wa mjomba ni wa kula naye, si wa kulala naye. Ijumaa asubuhi wangekuja na sahani yao, kabla ya treni. Mama akishaipokea, hakuna Ilembula. Kule wanataka mtu wa kukaa dukani, hawataki muuguzi.

"Ila binti aliyekwisha kupokelewa sahani," akasema, "hapokelewi ya pili."

Nikamgeukia Chanda.

"Na wewe utamsubiri miaka mitatu?"

Alimtafsiria bibi kwanza. Bibi akacheka bila sauti, mkeka ukatikisika. Akajibu maneno mengi, na safari hii Chanda hakuyapunguza.

"Bibi anasema yeye alimsubiri babu miaka sita, babu yuko machimboni, na babu hakurudi hata na cheti."

Hilo lilikuwa jibu zuri, lakini lilikuwa la bibi. Mimi nilimtaka kijana. Nikamwuliza Chanda: Jeni anaripoti lini?

"Jumatatu, saa mbili asubuhi," akasema bila kufikiri. "Shuka mbili, ndoo yenye mfuniko, viatu vyeusi visivyo na kisigino."

Barua ile ilikuwa kwenye mkoba wangu, na niliyemsomea ni Jeni peke yake. Nikatazama ukutani. Ndoo ilikuwepo, mpya, na mfuniko wake. Ndani yake shuka mbili zimekunjwa, na juu viatu vyeusi bapa, vya salaula, vimepigwa kiwi mpaka vinang'aa.

Mwanamume anayetaka kukuzuia hakununulii ndoo ya safari. Hilo hata darasa la nne linatosha kulijua.

Nikanyoosha mkono nikaichukua sahani yangu kutoka chini, nikaiweka juu ya paja.

Vigelegele vile sijui kama Mahongole hawakuvisikia.

Mambo yakaenda mbio. Maji ya kunawa yakaja. Nshima ikaja, na maharage yangu, yamepikwa na karanga, jambo ambalo sikuwa nimeliona popote. Jeni akachota, akaweka bakuli mbele yangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Akaninong'oneza kwamba wote wananingoja mimi. Wa kwa binti akila na wa kwa mwana chungu kimoja, limekwisha, halina wa kulirudisha nyuma.

Nilijua ninachofanya, wasomaji. Nataka hilo lieleweke. Asubuhi nilitenda kwa kutojua, na hilo nimeshaliungama. Mchana nilitenda kwa akili zangu zote. Niliwaza kidogo juu ya wifi, aliyenipokea na kunipa kitanda chake. Nikawaza hasira yake nitaijibu Ijumaa, nikiwa nimeshika tiketi mbili. Nikamega tonge, nikachovya, nikala. Lilikuwa tonge kubwa, la mtu aliyekwisha kuamua.

Wenzangu wakaanza kula. Mzee mshenga akasema kitu, wote wakacheka. Hata mimi nilicheka, bila kujua ni nini, mdomo umejaa.

Kisha Jeni akaacha kucheka.

Nikageuka. Langoni alikuwa amesimama wifi, blanketi la msibani limeviringwa kichwani, vumbi la njia hadi magotini. Ijumaa yake ilikuwa imekuja Jumatano. Nyuma yake bwana mmoja mnene, suti na tai, amebeba kwa mikono miwili kitu cha duara kilichofungwa kitambaa cheupe. Na nyuma yao wote kaka yangu Rabson, akinifanyia ishara kwa mikono, za kuniambia niteme au nimeze, mpaka leo hatujakubaliana ni ipi.

Wifi alilitazama jiko. Akamtazama Jeni na upawa wake. Akaitazama sahani nyeupe juu ya paja langu. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alishusha blanketi chini, akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha stesheni:

"Wifi, hapo unakula nini?"